Tarakimu 21 za Mersenne

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyekuwa akiandikiana barua na karibu kila mwanahisabati maarufu wa Ulaya ya siku zake, alichapisha mjini Paris kitabu kinene cha fizikia na hisabati. Katika dibaji alichomeka madai mafupi ambayo yangewashughulisha watu kwa karne tatu. Chukua 2, uipandishe kwenye kipeo fulani, kisha utoe 1. Ukitumia vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 utapata namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Vipeo vingine vyote visivyozidi 257 havikupi tasa. Uthibitisho hakuuweka. Tena alikiri humo humo kwamba mtu akiletewa namba ya tarakimu 15 au 20, wakati wote wa dunia usingemtosha kuamua kama ni tasa au la. Sasa, 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1 ina tarakimu 21. Anayetangaza kwamba kazi haiwezekani, kisha akatoa jawabu lake, amejiponza mwenyewe. Vipeo 67 na 257 havitoi namba tasa. Vipeo 61, 89 na 107 vinatoa, naye aliviacha. Makosa matano katika orodha ya mstari mmoja.

Kosa la 67 ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu ilipita miaka 259 kabla ya mtu kuonyesha waziwazi namba hiyo inavyovunjika. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kama historia ya uvumilivu: namba ndefu, mtu mchapakazi, jasho, ushindi. Ninadai kwamba simulizi hiyo inapotosha. Ugumu wa namba isiyo tasa haupimwi kwa urefu wake. Hupimwa kwa kiasi tunachokijua kuhusu jinsi ilivyojengwa, na kuhusu mahali ambapo vigawo vyake vinalazimika kukaa. Waliotamka kwamba namba fulani haitajulikana kamwe walikuwa wamepima urefu wakadhani wamepima ugumu. Na tangu Mersenne mwenyewe, aliyewashinda ni mtu mwenye wazo, si mtu mwenye misuli.

Njia ya misuli inajulikana kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Jaribu 2, jaribu 3, jaribu 5, endelea na kila namba tasa mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba unayotaka kuivunja. Kwa namba ya Mersenne kipeuo hicho kinazidi bilioni 12. Kigawo chake kidogo, kama ilivyokuja kujulikana, ni 193,707,721, na chini ya hapo ziko namba tasa zaidi ya milioni 10. Anayemaliza mgawanyo mmoja kwa dakika tano, bila kula wala kulala, angekifikia kigawo hicho baada ya karne nzima. Wapo waliotaka kuipunguza adha hiyo kwa kuifanya kazi mara moja kwa niaba ya wote. Karne ya 18 na ya 19 zilikuwa na fani nzima ya kutengeneza majedwali ya vigawo, vitabu ambamo msomaji angetafuta namba yake na kukuta kigawo chake kimeandikwa tayari. Anton Felkel alichapisha jedwali lake Vienna mwaka 1776 kwa fedha za serikali, likafika 408,000. Wanunuzi wakawa haba, na nakala nyingi zikaishia kufungia baruti za askari katika vita dhidi ya Waturuki. Zacharias Dase, hodari wa hesabu za kichwa aliyekuwa akijionyesha jukwaani, alikufa mwaka 1861 akiwa bado kwenye mamilioni ya saba, ya nane na ya tisa. Jakob Kulik wa Prague aliandika kwa mkono wake jedwali lililofika 100,330,200, ambalo halikuchapishwa. Hakuna jedwali la mkono lililowahi kufika mbali kama hilo, na bado lilikomea katikati ya safari ya kwenda kwenye kigawo kidogo cha namba moja ya Mersenne. Kama njia ya misuli ingekuwa ndiyo njia pekee, Mersenne angekuwa sahihi kuhusu wakati wote wa dunia.

Lakini hata kabla ya Felkel kuanza kuchora mistari ya jedwali lake, njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonekana. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse na rafiki wa barua wa Mersenne, aliamini kwamba namba za aina ya 3, 5, 17, 257 na 65,537 zitaendelea kuwa tasa daima. Hizi hupatikana kwa kuipandisha 2 kwenye vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Inayofuata ni 4,294,967,297. Fermat hakuivunja. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler maoni yake juu ya dai hilo, na mwaka 1732 Euler akajibu kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Wasimulizi hupenda kumsifu Euler kwa wepesi wake wa hesabu, na wepesi alikuwa nao kweli. Ila uthibitisho aliouchapisha baadaye unaonyesha kwamba wepesi haukuhitajika sana: kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, ni lazima kiache 1. Andika basi 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641, na ya tano ndiyo jawabu. Mtu wa njia ya misuli angepitia namba tasa 116 ili afike hapo hapo. Linalouma zaidi ni kwamba kanuni ambayo hoja ya Euler imejengwa juu yake ni ya Fermat mwenyewe, aliyoiandika katika barua mwaka 1640. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, akasimama mlangoni akiutazama urefu wa ukuta.

Mfano wa pili unatoka Uingereza na unasikitisha kidogo. William Stanley Jevons, mwanauchumi na mtaalamu wa mantiki, alichapisha mwaka 1874 kitabu juu ya misingi ya sayansi. Humo alitaka kuonyesha kwamba kazi nyingine ni rahisi kwenda na ngumu kurudi: kuzidisha namba mbili ni jambo la dakika chache, kuzitambua namba hizo ukiwa umepewa zao lake tu ni jambo jingine kabisa. Akatoa 8,616,460,799 na kuandika kwamba haelekei kuwa mtu mwingine yeyote atakuja kujua ilitokana na namba zipi. Wazo lake la jumla lilikuwa sahihi, na miaka mia moja baadaye lingekuwa msingi wa biashara kubwa. Mfano wake ulikuwa mbovu. Tangu mwaka 1643 ilikuwepo njia ya Fermat, ambaye aliivunja 2,027,651,281 kwa kuitafutia miraba miwili ambayo tofauti yake ni namba hiyo. Maana tofauti ya miraba miwili daima ni jumla ya vipeuo vyake mara tofauti yake. Fermat alijaribu mara 12 tu akapata 44,021 mara 46,061. Itumie njia hiyo hiyo kwa namba ya Jevons. Anza na 92,825, ambayo mraba wake ndio wa kwanza kuizidi. Toa namba ya Jevons kwenye mraba huo, uangalie kama kilichobaki nacho ni mraba. Kama sivyo, ongeza 1 urudie. Kwenye jaribio la 56 unafika 92,880, na kinachobaki ni mraba wa 3,199. Kwa hiyo vigawo ni 89,681 na 96,079. Ni kazi ya alasiri moja kwa karani mwenye jedwali la miraba. Jevons alichagua namba tasa mbili zinazokaribiana, na ukaribu huo ndio uliomsaliti. Derrick Norman Lehmer, Mmarekani, alitoa jawabu hilo mwaka 1903.

Turudi kwenye tarakimu 21. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1 si tasa, na hakutaja kigawo hata kimoja. Msomaji ana haki ya kushtuka: unawezaje kujua kwamba kitu kinagawanyika bila kujua kinagawanyika kwa nini? Njia ya Lucas, kwa sura aliyoinyoosha D. H. Lehmer, mtoto wa Derrick Norman, mwaka 1930, ni hii. Anza na 4. Izidishe yenyewe, utoe 2, ugawe kwa namba unayoipima na ubaki na baki, rudia. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kutoa 1, unapata 14, halafu 194 inayoacha 8, halafu 62 inayoacha sifuri. Sifuri katika hatua ya tatu, yaani mbili pungufu ya kipeo, ina maana namba ni tasa. Baki lolote jingine lina maana si tasa. Kwa kipeo cha 67 hatua ni 65. Hesabu 65 ndefu za kuchosha, lakini 65 tu, mahali ambapo njia ya misuli ilikuwa inadai mamilioni. Namba ambayo Mersenne aliipima kwa wakati wote wa dunia ilihukumiwa na mtu mmoja kwa kalamu. Hapa tunajifunza pia kwamba kuna maarifa mawili, si moja. Kujua kwamba namba si tasa ni kitu kimoja. Kujua imeundwa na nini ni kingine, na cha kwanza kinaweza kuja bila kukivuta cha pili. Kwa miaka 27 namba ya Mersenne ilikaa katika hali hiyo.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia alitoa vigawo: 193,707,721 na 761,838,257,287. Simulizi iliyoenea inasema hakutamka neno. Alikwenda ubaoni, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1, akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha namba zake mbili kwa mkono, majibu yakalingana, akarudi kukaa huku ukumbi ukimpigia makofi. Chanzo cha simulizi hii ni Eric Temple Bell, katika kitabu cha mwaka 1951, wakati Cole alikuwa amekwisha kufa miaka 25 kabla. Mwaka 1903 Bell alikuwa mwanafunzi huko Stanford, upande wa pili wa bara. Baadaye alisoma Columbia, na anasema alimwuliza Cole mwaka 1911 kazi ile ilimchukua muda gani, akajibiwa kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli. Ukimya wa ubaoni ningeupokea kwa tahadhari, maana Bell anajulikana kwa kuzitia chumvi habari za wanahisabati. Lakini hata tukiupokea wote, watu wameusoma kwa jicho la haba na haba hujaza kibaba, na hesabu zinalikataa fundisho hilo.

Tufanye hesabu hizo. Kila kigawo cha namba ya Mersenne ya kipeo cha 67, kikigawanywa kwa 134, lazima kiache 1. Hilo Fermat alilijua. Vilevile kikigawanywa kwa 8 lazima kiache 1 au 7. Masharti haya mawili yanazipunguza zile namba tasa zaidi ya milioni 10 hadi takriban 80,000. Ni punguzo kubwa ajabu. Hata hivyo Jumapili za miaka mitatu ni 156, na mtu wa kugawanya namba 80,000 kwa dakika tano kila moja angehitaji saa 43 katika kila Jumapili. Tena hapo tumempa Cole zawadi ya orodha ya namba tasa hadi milioni 193, ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Jedwali la Derrick Norman Lehmer lililochapishwa mwaka 1909, bora kuliko yote ya wakati wake, lilifika milioni 10 na kidogo. Kwa hiyo uvumilivu peke yake haukutosha hata kwa mtu aliyejua masharti ya Fermat. Lazima kulikuwa na jambo jingine, na makala aliyoichapisha Cole Desemba mwaka huo inalitaja: mabaki ya miraba.

Kanuni yake inaeleweka bila msamiati mzito. Chukua namba zozote, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, uzigawe kwa 7. Mabaki yatakuwa 1, 2 au 4, mbali na sifuri. 3, 5 na 6 hutaziona kamwe. Ndivyo ilivyo kwa kila namba tasa kubwa kuliko 2: nusu ya mabaki yanapatikana kwa miraba, nusu hayapatikani. Sasa, ukikuta mraba ambao ukigawanywa kwa namba kubwa unayoipima unaacha baki dogo, baki hilo lazima lipatikane kwa miraba pia mbele ya kila kigawo cha namba hiyo. Namba tasa isiyotimiza sharti hilo huna haja ya kuijaribu. Umeifuta bila kuigawanya. Kila baki jipya linawafukuza nusu ya washukiwa. Baki la kwanza linapatikana bure: 2 kwa kipeo cha 68 ni mraba wa 2 kwa kipeo cha 34, nayo ikigawanywa kwa namba yetu inaacha 2, na hapo ndipo linapotoka lile sharti la 8. Mabaki tisa mengine yaliyochaguliwa vizuri yangewapunguza washukiwa 80,000 hadi kama 160. Ugumu wa Jumapili zile haukuwa wa kugawanya, ulikuwa wa kuwinda mabaki yenye faida na kuyapanga yafanye kazi pamoja. Cole alikuwa mvumilivu, sibishi. Ila kama angekuwa mvumilivu tu, angekufa mwaka 1926 akiwa bado anagawanya.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni mashine. Atasema mtu: haya yote ni hadithi za enzi za kalamu, kompyuta ilipokuja ndiyo iliyovunja namba, na kompyuta ni misuli ya chuma. Pingamizi lina nguvu, lakini tazama mashine zenyewe zilivyofanya kazi. D. H. Lehmer alijenga chujio la minyororo ya baiskeli miaka ya 1920, na mwaka 1932 akajenga jingine la magurudumu yenye matundu na mwanga. Hili la pili liliivunja 1,537,228,672,093,301,419 kuwa 529,510,939 mara 2,903,110,321 kwa sekunde chache. Magurudumu hayo hayakuwa yakigawanya chochote. Kila tundu lilikuwa ni sharti la mabaki, na mwanga ulipopenya matundu yote kwa mpigo, jawabu lilikuwa limepatikana. Mashine ilikuwa ni kanuni ya Fermat na Cole iliyotiwa kwenye chuma. Kompyuta halisi zilikuja na kufuata mkondo ule ule. Namba ya Fermat ya daraja la 7 (ile ya 3 ikihesabiwa kuwa daraja la 0), yenye tarakimu 39, ilijulikana tangu mwaka 1905 kuwa si tasa, lakini vigawo vyake vilipatikana mwaka 1970 tu, pale Michael Morrison na John Brillhart walipotumia wazo ambalo Maurice Kraitchik alilikuza miaka ya 1920. Wazo hilo ni kutafuta miraba miwili inayoacha baki lile lile mbele ya namba unayoivunja, kwa kuyazidisha mabaki mengi madogo mpaka zao lake nalo liwe mraba. Ni tofauti ya miraba miwili ya mwaka 1643, ikiwa imelegezwa: si lazima tofauti iwe namba yenyewe, yatosha igawanyike kwayo.

Kisha likaja jaribio lililowekewa fedha. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa taasisi ya MIT walibuni namna ya kuficha ujumbe inayotegemea jambo lile lile la Jevons, na Martin Gardner akaitangaza katika jarida la Scientific American la Agosti pamoja na namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100. Makadirio ya Rivest yaliyochapishwa hapo yalikuwa miaka 40,000,000,000,000,000. Ilivunjwa Aprili 1994, baada ya miezi minane ya kazi ya watu wapatao 600 wenye kompyuta kama 1,600 zilizounganishwa kwa intaneti. Piga hesabu ya misuli: kompyuta 1,600, na kila moja tuipe kasi mara 1,000 kuliko ile iliyofikiriwa mwaka 1977, zinakupa punguzo la mara milioni 1.6. Punguzo lililotokea ni zaidi ya mara milioni moja zidisha kwa bilioni kumi. Hata tukisema makadirio yale yalikosewa mara elfu, bado kuna pengo la mamilioni ambalo kasi hailifuniki. Kilichoziba pengo ni chujio la miraba, njia ambayo Carl Pomerance aliibuni mwaka 1981 juu ya msingi wa Kraitchik. Mashine bila wazo hilo zingekuwa zinaendelea kuzunguka hadi leo.

Pingamizi la pili ni la busara zaidi. Kama urefu si ugumu, kwa nini wataalamu wa usalama huongeza tarakimu kila wanapoingiwa na hofu? Namba ya tarakimu 250 kutoka katika shindano lililorithi lile la watu wa MIT ilivunjwa Februari 2020. Ile ya tarakimu 617 haijavunjwa. Ni kweli. Lakini angalia namba hizo zinavyotengenezwa: vigawo viwili vinachaguliwa kwa bahati nasibu, vikiwa vikubwa, vikitengana vya kutosha ili njia ya Fermat isivifikie, bila umbo linaloweza kuvisaliti. Kosa la Jevons limekuwa somo la kiwandani. Urefu huwa kipimo cha ugumu pale tu ambapo mtengenezaji amefuta kwa makusudi kila kitu kingine ambacho tungeweza kukijua. Namba isiyofutwa hivyo inaweza kuwa ndefu kupita fahamu na ikachubuka kwa urahisi. Mwaka 1984 Wilfrid Keller alipata kigawo cha namba ya Fermat ya daraja la 23,471: nacho ni mara 5 ya 2 kwa kipeo cha 23,473, ongeza 1. Namba iliyogawanywa hapo haiwezi kuandikwa popote ulimwenguni. Hata idadi ya tarakimu zake, kuiandika tu, inahitaji tarakimu zaidi ya 7,000. Tarakimu 617 zilizotengenezwa kwa siri zimesimama, na hii imegawanywa, kwa sababu umbo lake linatuambia mapema kigawo kitakaa wapi.

Matokeo ya hoja hii si ya kufurahisha kwa wenye mabenki. Kadi nyingi za benki zenye chipu, zikiwemo zinazochomekwa kwenye mashine za Dar es Salaam na Nairobi, na tovuti nyingi tunazoziamini, zinategemea kwamba hakuna anayejua njia ya haraka ya kuvunja namba za aina hiyo. Kutokujua si uthibitisho. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa taasisi ya teknolojia ya Kanpur, India, walithibitisha kwamba kuamua kama namba ni tasa kunawezekana daima kwa hatua chache ukilinganisha na ukubwa wake. Yale maarifa ya kwanza, ya Lucas, sasa yana dhamana. Maarifa ya pili hayana dhamana upande wowote: hakuna aliyethibitisha kwamba kuvunja namba ni kugumu, wala aliyeonyesha kwamba ni rahisi kwa kompyuta tulizo nazo. Mwaka 1994, ule ule wa kuvunjwa kwa namba ya tarakimu 129, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, inayofuata kanuni za kwantumu, ingelifanya jambo hilo kuwa jepesi, kabla hata haijajengwa. Kwa mara nyingine wazo lilitangulia chuma. Anayeitegemea namba ya tarakimu 617 leo anategemea rekodi ya kihistoria ya watu kushindwa, na rekodi hiyo, tangu mwaka 1644, imekuwa ikivunjika kila mtu anapoleta njia mpya ya kuuliza swali lile lile.

Wala tusidhani kwamba kila kilichojengwa kwa umbo linalojulikana kimekwisha. 2 kwa kipeo cha 1,277 kutoa 1 ina tarakimu 385. Jaribio la Lucas limekwisha kuihukumu kuwa si tasa, na tunajua kwamba kila kigawo chake, kikigawanywa kwa 2,554, lazima kiache 1. Hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana.